Ubao wa Theluji Uliotoka Keko

Mpwa wangu anafundisha watalii mchezo wa kaiti kule Paje, Unguja, ule wa kusimama juu ya ubao majini ukivutwa na tiara kubwa. Miaka sita iliyopita alikuja karakana kwangu Keko, Dar es Salaam, na ubao wake umevunjika katikati, akauweka juu ya kitanda cha watu nilichokuwa nakipiga msasa, akasema, "Mjomba, hii unaweza kuigundisha?" Nikautazama. Nje unang'aa kama dashibodi ya gari jipya. Lakini pale ulipokatikia, chini ya ile ngozi ya plastiki na nyuzi za faiba, niliona kitu ninachokijua tangu nina miaka kumi na mbili: mbao. Vipande vyembamba vya mti mwepesi, vimepangwa ubavu kwa ubavu kama biskuti kwenye pakiti.

Nikamuuliza aliununua kwa shilingi ngapi. Aliponitajia nilivuta stuli nikakaa. Kwa hela ile mimi natoa kitanda cha mninga, sita kwa sita, na kabati la nguo juu yake.

"Hii siigundishi," nikamwambia. "Nakutengenezea mpya."

Ndivyo nilivyoingia kwenye shughuli iliyonila usingizi, ngozi ya mikono na masinia mawili ya mke wangu.

Ubao wa kwanza niliutengeneza kiseremala. Nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini kwenye fani, na kichwani mwangu kazi nzuri maana yake ni mninga. Nikachagua ubao mzito usio na kifundo hata kimoja, nikauchonga kwa randa na tezo mpaka ukapata ule mwinamo, ncha zote mbili zimenyanyuka kidogo kama mtumbwi. Nikaupaka vanishi mikono minne. Ulikuwa mzuri, nasema kweli, mtu angeutundika sebuleni. Ulikuwa na kilo 7. Wa kiwandani una kilo 3 hivi, mara nyingi haufiki.

Nilimpelekea mzee mmoja anayechonga ngalawa pale Msasani, nikitaka sifa. Akaunyanyua kwa mkono mmoja, akaushusha, akaniuliza kama na mnyororo wake nimeshatengeneza. "Maana hii ni nanga, mwanangu." Kisha akanionyesha ngalawa yake. Gogo la mwembe, si mninga, wala si mvule. Akasema chombo hakijui kama mbao yake ina bei. Nilikasirika kidogo, lakini mpwa wangu alipoujaribu akatoka majini baada ya dakika kumi akiwa anachechemea, nikajua mzee ameshinda.

Usiku nikaanza kutafuta kwenye simu jinsi wenzetu wanavyotengeneza. Ajabu ni kwamba kila nilipotafuta ubao wa kaiti, nililetewa skii. Skii na snoubodi, yaani zile mbao za kutelezea theluji. Wazungu wa Marekani na Kanada, wamejifungia kwenye gereji zao na msumeno, ruta, ile mashine ya kuchongea mbao, na kibana mbao, wanatengeneza skii za kwao wenyewe. Mwanzoni nilikuwa napita haraka, theluji inanihusu nini mimi? Theluji nimeiona mara moja tu, nikiwa Moshi, asubuhi Kilimanjaro ilipojifunua, na nilikuwa mbali nayo salama kabisa. Baadaye nikagundua kuwa ni kitu kilekile. Kiini cha mbao, faiba juu na chini, gundi ya epoksi, vyote vinabanwa kwenye kalibu mpaka vigande katika umbo unalotaka. Cha theluji kinaongezewa ukingo wa chuma na plastiki ya kutelezea chini. Cha kaiti hakihitaji hivyo.

Kilichonipa moyo ni kusoma kwamba hata hii snoubodi asili yake ni ya watu wa gereji. Sherman Poppen wa kule Michigan, mwaka 1965, alifunga skii mbili pamoja ili binti zake wapate cha kuchezea; mkewe akakiita Snurfer. Halafu mwaka 1977, kule Vermont, akaja kijana akaanza kuzitengeneza za kuuza. Aliitwa Jake Burton Carpenter. Hilo jina la mwisho maana yake seremala. Nilimwamsha mke wangu kumwambia. Hakufurahi kama nilivyotarajia.

Basi nikaanza upya. Mninga nikauweka kando, nikanunua paini ya Mufindi, ile ile tunayopigia kenchi. Unachana vipande vya upana wa sentimita mbili, unavigeuzageuza ili mwelekeo wa nyuzi usifanane, unavigundisha ubavu kwa ubavu, kisha unaranda mpaka katikati pabaki kama milimita 8 na kwenye ncha milimita 4. Hapo useremala ulinisaidia kweli. Niliunda reli mbili za mteremko, ruta ikawa inatembea juu yake, kiini kinatoka kimepungua taratibu bila hata ngazi. Paini yenyewe niliianika juu darini chini ya bati miezi miwili, kwa sababu mbao inayouzwa hapa mjini ina maji, na maji yakifungiwa ndani ya faiba hayana pa kutokea.

Kalibu nayo si kazi ya kutisha. Mbavu za MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandamizwa, juu yake plaiwudi nyembamba iliyoinama, nta ya sakafu mikono mitatu ili gundi isishike. Kilichonisumbua ni kubana. Wale wa gereji wengi wana mitambo ya vyuma na mipira ya zimamoto inayojazwa upepo. Nikapiga hesabu ya vyuma, nikaacha.

Jirani yangu fundi friji ndiye aliyenitoa. Alinisikia nikilalamika, akaingia kibandani kwake akatoka na kompresa ya friji bovu. "Hii upande mmoja inasukuma, upande mwingine inanyonya," akasema. "Wewe unataka kunyonya." Unaweka kazi yako kwenye mfuko wa nailoni nzito, unaziba pande zote kwa ule utomvu mweusi wa kuzibia bati, unaunganisha mpira wa kompresa. Hewa ya ndani ikitoka, hewa ya nje inalalia mfuko. Na hewa ina uzito, jamani. Kwenye kila sentimita ya mraba inakandamiza karibu kilo moja. Ubao wa kaiti una sentimita za mraba 5,000 na zaidi. Kompresa yetu haikuweza kutoa hewa yote, geji ilisimama kwenye robo tatu hivi, lakini hata hiyo ni kama tani 4 zimekaa juu ya ubao, bila jeki, bila chuma, sawasawa kila mahali. Siku ya kwanza nailoni ilipoganda juu ya ubao mpaka alama za nyuzi zikaonekana, mafundi wa sofa wa ng'ambo ya barabara walikuja kuangalia. Mmoja akauliza kama tunafungasha nyama.

Gundi sasa. Hapa ndipo nilipoteseka.

Kwenye kitanda, gundi ni msaidizi. Kazi inashikwa na ulimi uliokaa vizuri kwenye tundu lake. Gundi inakuja kutia saini tu. Huku hakuna ulimi wala tundu, hakuna skrubu. Gundi ndiyo kazi yenyewe, na mimi seremala ni mtu wa kuikatia mbao na kuipisha. Ilinichukua mbao nne kulikubali hilo.

Mafundi faiba wa boti waliniuzia rezini yao, poliesta. Inanuka mtaa mzima lakini ni rahisi, inakauka haraka, na wao wanaipigia maboti kila siku. Ubao wangu wa pili ulitoka nayo, mwepesi, mzuri. Mpwa akaupanda siku tatu. Ya nne akanipigia simu ya picha, akashika ncha ya faiba akaivuta, ikabanduka kutoka kwenye mbao kama ganda la chungwa. Poliesta inasinyaa inapokauka, na mbao haiishiki sana. Kwenye boti ya faiba tupu haina shida. Mimi ndiye niliyeiweka mahali pasipo pake.

Nikahamia kwenye epoksi, ya bei karibu mara tatu, lakini nikahama na tabia za poliesta. Wale mafundi walinifundisha kuwa ukitaka ikauke upesi unaongeza kidogo hadina, ile dawa ya kuigandisha. Kwa poliesta ni kweli, kwa kiasi. Kwa epoksi ni msiba. Kila punje ya hadina ina mwenzake wa kufunga naye ndoa. Ukizidisha, zinazobaki ni wajane, na ubao unabaki unanata. Wa tatu ulikaa wiki mbili juani ukiwa laini kama kashata isiyoiva, nzi wamekufa juu yake. Nikanunua mizani ya jikoni. Kopo linasema gramu 30 kwa gramu 100, basi ni 30, si 32, wala si "weka mpaka rangi ibadilike".

Halafu joto. Kopo liliandikwa dakika 30 kwenye nyuzi 25. Nani ana nyuzi 25 Keko, mwezi wa kwanza, saa saba mchana, chini ya bati? Ukiongeza nyuzi kumi, muda wako unapungua karibu nusu. Na kuna jambo jingine ambalo kopo langu halikulitaja: epoksi inapogandana inatoa joto lake yenyewe, na ikiwa imejaa ndani ya ndoo, joto halina pa kutokea, linaiharakisha, nayo inazidi kupata joto. Nilichanganya kilo nzima kwenye ndoo, nikageuka kumwelekeza kijana wangu namna ya kutandaza faiba. Niliporudi ndoo inafuka moshi. Kijana aliishika na matambara akaitupa mchangani, ikaendelea kuungua pale peke yake, plastiki ya ndoo imejikunja kama jani. Tangu siku ile tunachanganya kidogo kidogo na kuimwaga papo hapo kwenye sinia pana, itandazike, ipumue. Sinia la kwanza nililichukua jikoni bila kuuliza. La pili pia.

Tukahamishia kazi usiku. Saa nne tunaanza kupima, saa sita mfuko umefungwa, kompresa inanguruma mpaka asubuhi, na mlinzi wa eneo anakunywa chai yetu. Usiku nao una yake. Masika iliingia, hewa ikawa nzito, na asubuhi nikakuta juu ya ubao kuna utando wa mafuta-mafuta kama mkono uliochambua dagaa. Nikaupiga msasa, ukaziba msasa. Nikaufuta na tina, ukatandaa. Wiki ile rangi yote ilibanduka. Kumbe ni unyevu wa hewa unaogombana na hadina, na dawa yake ni maji ya kawaida na sponji, kabla hujagusa msasa. Maji tu! Nilikuwa nimetumia lita mbili za tina. Siku hizi pia natandika kitambaa cha bitana, kile cha ndani ya makoti, kutoka Kariakoo, juu ya faiba mbichi. Ikikauka unakivuta, kinaondoka na utando wake na kinaacha uso mkavu wenye mikwaruzo midogo, tayari kwa rangi.

Tina hiyo hiyo ndiyo iliyoniharibia mikono. Kila nikimaliza nilikuwa nanawa nayo, maana inaondoa gundi vizuri. Inaondoa sehemu, sehemu inaisukuma ndani ya ngozi. Mwezi wa nne vidole vyangu vilivimba vikapasuka katikati, nikashindwa hata kula ugali kwa mkono. Sasa ni glavu, na gundi ikipita, siki kwanza, kisha sabuni. Daktari aliniambia mwili ukishaikataa epoksi huenda usiikubali tena, nami kila nikiwashwa kidogo naogopa.

Umeme ulikatika mara tatu kazi ikiwa mfukoni. Mara ya kwanza niliamka usingizini kwa sababu ya ukimya. Mfuko umeshalegea, faiba imenyanyuka upande mmoja, na gundi ilikuwa imefika pale ambapo huwezi kuirudisha wala kuiacha. Tukabeba mifuko ya saruji ya jirani anayejenga, tukaipanga juu kwa mwanga wa simu. Ubao ule ulitoka na mabonde, lakini hadi leo ni rafu ya viatu nyumbani. Fundi friji akaniwekea kilango kidogo cha kuzuia hewa isirudi, na mtungi mtupu wa gesi ya friji uwe akiba ya utupu. Unanipa kama saa moja na nusu.

Ubao wa tano ndio uliokubali. Kilo 3 na robo. Tulivuka nao kwa pantoni kwenda Kigamboni, kaskazi inavuma vizuri, na njiani niliulizwa mara mbili kama ni ubao wa kupigia pasi na mara moja kama nauza. Mpwa akaingia majini. Nilisimama mchangani nikimtazama anakwenda, anapungua, anageuka, anarudi, na kila akiruka nilikuwa nasikia moyoni mlio wa faiba ikibanduka. Haikubanduka. Alipotoka hakusema kitu, akaugonga kwa ngumi katikati kama mtu anayechagua tikiti maji.

Kingo zake nilizizungushia mninga. Nilijaribu kwanza plastiki, zile mbao nyeupe za kukatia mboga, nikadhani nimepata bure kitu ambacho kiwandani kinagharimu. Ni polietilini, na polietilini haishikwi na gundi yoyote ya kawaida. Zilitoka zote kwa kidole. Mninga ulikunywa epoksi ukatulia, na ukigonga jiwe haupasuki. Kwa hiyo mzee wa Msasani nilimrudia. Akautazama ule mstari mwekundu unaozunguka ukingo, akasema, "Hapo sawa. Kama pindo la kanga."

Wa sita niliupaka rangi nyeusi, kwa urembo. Mteja akauacha juani juu ya gari lake nje ya benki Jumamosi moja, akarudi akaukuta umenyooka kama rula. Epoksi iliyokauka kwa joto la chumbani inaanza kulegea ikipata moto wa namna ile. Nikamrudishia hela. Nyeusi sipaki tena, hata uniongezee.

Ndipo akaja yule Mswisi. Alikuwa anafundisha shule moja huku Dar, aliona ubao wa mpwa wangu, akauliza kama naweza kumtengenezea snoubodi ya kwenda nayo kwao likizo ya Februari. Nilimwambia sijawahi kukanyaga theluji. Akasema haihitaji nikanyage. Alileta kwenye begi lake vitu viwili nisivyoweza kuvipata hapa: ukingo wa chuma wenye meno ya kushikwa na gundi, na ile plastiki ya chini. Plastiki ni polietilini, adui yangu, lakini hii upande mmoja imepitishwa moto kiwandani ili ikubali gundi. Akanionya nisiuguse upande huo hata kwa kidole, mafuta ya ngozi yanatosha kuuharibu. Nilimkataza hata kijana wangu asipumue karibu nao.

Kalibu ilinichanganya. Kaiti inataka ncha zipande na tumbo lishuke. Snoubodi yake ilitaka ncha zipande pia, ila katikati, ukiilaza mezani, inyanyuke milimita 6, kama upinde, ili mtu akisimama uzito wake uikandamize na ukingo wote ushike theluji. Na kiuno kimekatwa kwa ndani, maana ukiulalia ubavu, ule mkato ndio unaochora kona. Nilikaa na kamba na msumari nikichora duara la mita 8 sakafuni, nusu ya duara imetoka nje ya mlango. Chuma tulikikunja kwa mkono kwenye pua, nusu milimita kwa nusu milimita. Siku nzima. Nati za kufungia viatu ni za milimita 6, sawa na za kaiti, hizo fundi wa kukereza vyuma wa mtaa wa Gerezani alishanizoea.

Tulibana tarehe za katikati ya Desemba, usiku, lakini usiku wa Desemba Dar unaujua. Kipimajoto kilisoma 30. Asubuhi ubao ukatoka kwenye kalibu una umbo lake vizuri, nikauweka juu ya stuli mbili, nikaupandishia mfuko wa saruji wa kilo 50, ukainama, nikautoa, ukarudi. Hicho ndicho kipimo pekee nilichokuwa nacho. Mswisi akaufunga kwenye kanga za mkewe, akaondoka nao.

Wiki ya pili ya Februari ikaja video. Mlima mweupe mpaka macho yanauma, na katikati yake ubao wenye ukingo wa Keko unateremka. Nilionyesha mtaa mzima. Usiku wake ukaja ujumbe: unakwenda vizuri ukinyooka, lakini kwenye kona unanasa. Alipoweka rula upande wa chini aliona mwanga katikati. Plastiki imebonyea, kingo za chuma zimesimama juu kuliko tumbo.

Nililala nikiwaza, asubuhi nikaelewa, au nadhani nimeelewa. Plastiki ile hutanuka na kusinyaa kwa joto kuliko chuma na kuliko faiba. Mimi niliigundisha ikiwa imetanuka kwenye nyuzi 30. Huko ikakutana na kumi chini ya sifuri, ikajikunja kadiri ilivyoweza, na kwa kuwa pembeni imeshikwa na chuma, ikaingia ndani. Joto la Dar lilikuwa limefungiwa humo tangu Desemba. Duka la skii kijijini kwao wakaisaga chini mpaka ikawa sawa, akaendelea kucheza.

Jana ameandika tena. Mkewe anataka wa kwake, urefu wa sentimita 148, na je, naweza kuanza mwezi huu, kwa sababu vifaa anavyo tayari? Nimemjibu avilete, lakini asubiri kipupwe.